Maoni ya Fundi Vyuma

Asubuhi ile baba alinipiga kwa sababu ya koma.

Ilikuwa Jumamosi, siku yake ya kukutana na wasomaji. Nilikuwa nimemchapia hotuba ya kurasa mbili, na kwenye mstari wa tatu nikaweka koma mahali alipotaka nukta. Akaniita chumba cha mbele, akaniambia niweke mkono juu ya meza, akatoa rula yake ya chuma, ile aliyostaafu nayo ualimu, akanicharaza mara nne juu ya vidole. Hakupandisha sauti. Baba hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa akisema kelele ni za watu wasiosoma. Mama alisimama mlangoni na shati jeupe alilolipiga pasi, akingoja amalize ili amvalishe.

Saa nne tulikuwa ukumbi wa maktaba, sisi watatu tuliobaki nyumbani tangu kaka yangu aondoke, mstari wa mbele, tumekaa kama picha ya kalenda. Mkono wangu wa kulia niliuficha chini ya mkoba. Watu walipita mmoja mmoja kumwamkia baba. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, marahaba, mwanangu." Kila mtu kwake alikuwa mwanawe.

Baba aliandika riwaya za vijana. Zilikuwa zimefika nne, na zote nilizichapa mimi, kwa sababu nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, mtaa wa nyuma ya mahakama. Zote zilikuwa na mifupa ileile, zikibadilishana nguo tu. Kuna baba mkali, kuna mama mvumilivu, kuna mtoto mwerevu anayetoroka nyumbani. Bibi anaugua. Mtoto anarudi, baba analia, na familia inakaa mezani. Vijana walizigombania, wazazi wakazinunua kwa furaha, na shule zikaziweka kwenye makabati yao.

Kwa miezi mitatu mkutubi, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa ameweka sanduku mlangoni ili wasomaji watumbukize maoni yao juu ya kitabu kipya. Yalikuja zaidi ya mia mbili. Alichagua kumi mwenyewe, hakumwonyesha mtu, akayasoma siku hiyo mbele ya mwandishi, aliyepandishwa jukwaani.

Msichana wa sekondari aliandika kwamba alilia mahali patatu, na pa tatu alikuwa darasani, akatolewa nje. Kinyozi mmoja alisema mwisho wa hadithi aliubashiri tangu ukurasa wa thelathini, na bado ulipofika alilia na wembe mkononi, mteja akashuka kwenye kiti. Kisha yakasomwa ya mama mmoja muuza vitambaa. "Mwalimu, vyako nimesoma vyote. Cha kwanza bibi aliugua sukari, cha pili presha, cha tatu figo, na hiki moyo. Namwonea huruma bibi wa kitabu cha tano."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Baba naye alicheka, akajifuta macho kwa kitambaa, akakiri kwamba kweli bibi zake wana mkosi. Nikimtazama kutoka pale chini, mpole, nadhifu, mvi zimemkaa vizuri, hata mimi nilitamani awe baba yangu.

Kisha mkutubi akachukua karatasi ya saba, na nikaitambua kabla hajafungua kinywa.

* * *

Karatasi ile ililetwa dukani na mwenyewe, ikiwa bado haina kitu. Aliingia mwanamume mrefu, mikono imejaa alama ndogo nyeusi za cheche, akapanga foleni nyuma ya wazee wa mahakamani. Zamu yake ilipofika akaniambia kwa haya, "Dada, mwandiko wangu hata mimi mwenyewe huwa unanishinda. Nikitamka, unaweza kuchapa?"

Nikamwambia ndiyo kazi yangu. Akasimama wima kama mtoto anayesoma shairi, akaanza kutamka:

"Kitabu ni kizuri na kinasomeka. Nilikimaliza kwa siku mbili. Lakini baba wa humu anapiga mara moja tu, ukurasa wa arobaini, tena mwandishi anatufungia mlango tusione. Halafu ukurasa wa mia na themanini na nane analia, anaomba radhi, watu wanakaa mezani wanakula. Mimi nina miaka ishirini na tisa. Baba yangu alikufa bila kufika ukurasa huo. Anayeandika hivi, ama hajawahi kupigwa, ama ndiye anayepiga."

Vidole vyangu vilisimama. Akauliza kama mashine imeharibika, nikamjibu karatasi imekwama. Hakukuwa na karatasi iliyokwama. Nilimalizia sentensi ile, nikagonga muhuri wa duka chini kama tunavyogonga kila kazi, nikampa bila kumtazama usoni. Yeye alinitazama. Hakuondoka haraka.

Alirudi keshokutwa yake kutoa kopi ya kitambulisho ambacho, nilikuja kujua baadaye, alikuwa tayari na kopi zake kumi. Watu wa mtaani walimwita Fundi Vyuma. Karakana yake ilikuwa mwendo wa dakika tano tu, na mageti ya nusu ya mtaa yalitoka mikononi mwake. Mara ya tatu alipokuja nilimwambia ukweli: mwandishi yule ni baba yangu. Alibadilika rangi. Aliniomba msamaha mara tatu, akatoa ile karatasi mfukoni aichane, maana alikuwa hajaipeleka bado. Nikamwomba anipe mimi. Mchana ule nikaenda maktaba na kuitumbukiza sandukuni kwa mkono wangu. Sikuwa na hakika nilichokitaka. Labda nilitaka mtu mmoja tu mwingine, hata huyo mkutubi, ayasome yale maneno yakiwa yamechapwa.

Tangu siku ile mchana wangu ukawa na maana. Saa ya chakula nilikwenda karakana, tukakaa nyuma ya mapipa ya rangi, yeye akivua miwani yake ya giza na kuacha duara mbili safi usoni kama bundi. Aliwahi kuona jinsi ninavyoruka mtu akiinua mkono ghafla, hata kama anajikuna kichwa. Basi hakunigusa kamwe bila kuuliza. "Nikushike mkono?" Wiki ya kwanza aliuliza, na wiki ya kumi alikuwa bado anauliza, na mimi nilizoea kulingoja lile swali kuliko hata mkono wenyewe. Tulikuwa tumekubaliana kwamba baada ya wiki mbili mjomba wake angekuja nyumbani kuleta posa.

Nilimsihi asije maktaba Jumamosi ile. Alikuja. Alisema baadaye kwamba alitaka kumwona tu mzee atakayemwamkia, amzoee uso.

* * *

Mkutubi alisoma hadi mwisho bila kupunguza neno. Alipotamka "ama ndiye anayepiga," ukumbi ulitulia kama kuna mtu amezima feni. Nikamwona mama akiinamia viatu vyake.

Baba ndiye aliyevunja ukimya. Alitabasamu, akasema huo ndio usomaji anaoupenda, wa watu wasiojipendekeza, akaomba mwenye maoni asimame. Fundi akasimama, viti vinne kulia kwangu, mstari wa pili, ndani ya shati lililombana shingoni.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Nachomelea vyuma, Mwalimu."

"Ndiyo maana," baba akasema kwa upole. "Umezoea kwamba vitu haviungani ila kwa moto."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Fundi alingoja wanyamaze. Nilimtazama nikimwomba kwa macho akae chini, na kama angenitazama machoni angekaa. Lakini alikuwa akitazama mkoba wangu.

"Mwalimu, mimi si msomi," akasema. "Nimekaa hapa saa nzima karibu na binti yako. Kila mtu amepiga makofi, yeye hajapiga hata mara moja. Mkono wake wa kulia una nini?"

Vichwa vikageuka mstari mzima. Sikujua nimtazame nani. Mkutubi, kwa wema au kwa woga, akaharakisha kusoma maoni ya nane, na watu wakarudi kucheka polepole. Sitasema uongo: dakika ile nilimchukia Fundi. Alikuwa amesema kweli tupu, lakini mkono ulikuwa wangu, na hakuniuliza.

Mwishoni baba alimwomba mkutubi ile karatasi, eti akaitunze kama kumbukumbu. Aliisoma tena akiwa amesimama. Nikaona macho yake yanashuka hadi chini kabisa, penye muhuri wa duka letu. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akanishika kifundo cha mkono kama baba anayemvusha binti yake barabara. Tukatoka hivyo, akiwaamkia watu.

* * *

Nyumbani alifunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akauweka ufunguo mfukoni. Akamwambia mama aende jikoni. Mama akaenda.

Akaniuliza kama ni mimi niliyeichapa. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama nilijua inasema nini. Ndiyo. Akaniuliza yule mtu ni nani kwangu, na hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Ningesema ni mteja. Lakini nilikuwa nimechoka, na vidole vilikuwa vikinipwita.

"Ndiye anayetaka kunioa, baba. Mjomba wake atakuja baada ya wiki mbili."

Alicheka kidogo. Akasema amenisomesha, amenilisha, amenipa jina linaloheshimiwa mji mzima, nami nataka kumletea mchoma mageti anayenuka moshi, tena aliyemwaibisha mbele ya watu mia tatu. Aliyasema hayo akiifungua droo. Nilipoiona rula nilirudi nyuma, na kurudi nyuma ndilo kosa lililomwudhi kuliko yote.

Pigo la kwanza lilinipata shingoni, kwa ubapa. La pili begani. La tatu aliigeuza rula upande wa makali, nikahisi ngozi ya mkono inafunguka juu ya kiwiko. Nikapiga magoti, nikajifunika kichwa. Akaniinua kwa nywele, akanizaba kofi, nikaanguka na kiti. Mama akatoka jikoni mbio akasema, "Baba yake, inatosha, utamuua," na baba akamsukuma bila hata kugeuka, mama akagonga mgongo kwenye fremu ya mlango na kuteremka mpaka chini. Sauti ya baba ilikuwa bado ile ya darasani. Alikuwa akihesabu.

Mlango wa nyuma wa jikoni ulivunjwa kwa teke moja. Fundi alikuwa ametufuata tangu maktaba, amesimama ng'ambo ya barabara, na aliposikia kiti kikianguka aliruka ukuta wa uani. Aliingia akihema. Aliniona, akamwona mama, akamwona baba na rula mkononi, na damu yangu ikiwa juu ya chuma.

"Iweke chini, mzee."

Baba akampiga nayo usoni. Nyusi ya Fundi ikapasuka, damu ikamwingia jichoni. Baba akainua mkono tena, ila safari hii haukushuka. Fundi aliudaka, akaupinda mpaka rula ikaanguka, akamkamata baba kola kwa mikono miwili na kumbamiza kwenye kabati la vitabu. Vitabu vikaporomoka juu yao. Akampiga ngumi ya tumbo, baba akajikunja. Akamnyanyua, akampiga ya taya. Akamnyanyua tena.

Kwa muda, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na sikuwahi kuona mtu akimpiga baba. Ngumi ya tatu niliihesabu kama yangu, ya nne kama ya mama. Ya tano ilipotua nikasikia kitu kimevunjika puani kwa baba, na bado Fundi akavuta mkono nyuma. Nikamwona uso wake. Ulikuwa umetulia kabisa, umekwenda mbali, kama hayupo mle ndani. Nilikuwa nikiujua uso ule. Niliishi nao.

Nikamwita. Hakusikia. Nikamwita tena, nikainuka, nikamrukia mkono kwa nyuma kwa nguvu zangu zote ili nimzuie.

Alinitupa bila kujua ni nani. Kiwiko chake kilinipiga mdomoni, nikaruka mpaka ukutani. Nilipotema mate, jino lilitoka na damu likaanguka kwenye sakafu mbele ya viatu vyake.

Hapo ndipo kila kitu kiliposimama. Fundi aliliangalia jino, kisha akaniangalia mimi, kisha akakiangalia kiwiko chake kama kitu alichokiokota njiani. Akamwachia baba.

Akapiga hatua kunijia. Nikarudi nyuma hatua moja. Aliiona, na naapa ile hatua ilimwumiza kuliko ile rula.

* * *

Ndipo baba akaanza kulia. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kabati, damu ya pua imetapakaa kwenye shati lake jeupe. Alinyoosha mikono miwili kwetu, akasema, "Nisameheni, wanangu. Moyo wangu ulikuwa jiwe, nikadhani ni ngao. Njooni mniinue." Maneno yale hayakuwa mageni kwangu. Niliyachapa mwenyewe, ukurasa wa mia na themanini na nane.

Nami, pamoja na jino langu chini, nilihisi miguu inataka kwenda. Kwa kweli ilikwenda nusu hatua.

Mama aliinuka akishikilia fremu ya mlango. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Wageni wengine walidhani ana tatizo la masikio. Akatwaa mtandio wake kwenye msumari, akajifunga, akaja akasimama kati yangu na baba.

"Ulilia hivihivi siku ulipomvunja mkono kaka yake," akamwambia. Hakuwa na hasira sautini. "Nikakufuta machozi. Kesho yake ukakaa mezani ukaandika, na kitabu cha pili kikatoka. Mwanangu akaondoka na mkono umepinda, na watu wakanipongeza sokoni kwa kuolewa na mtu mwenye huruma. Lia tu, baba. Leo hakuna wa kukuchapia."

Akainama, akatia mkono mfukoni mwa baba, akatoa ufunguo. Baba hakumzuia. Nadhani hakuamini. Mama akafungua mlango wa mbele, akanishika kiuno, na tulipofika nje akamgeukia Fundi, aliyekuwa akitufuata kama kivuli.

"Wewe tangulia mbele nikuone. Na usimguse."

Fundi akatangulia. Tulipita mtaa mzima hivyo, jua la saa nane kichwani, yeye mbele na nyusi iliyopasuka, sisi nyuma na mtandio wa mama ukinywa damu mdomoni kwangu. Watu walisimama milangoni. Mama aliwaamkia wote.

* * *

Zahanati walikuwa wananifahamu. Mara zote nilizopelekwa pale nilisema nimeteleza bafuni, hata bafu letu likawa na sifa mbaya kituo kizima. Muuguzi wa zamu, mwanamke mwenye umri wa mama yangu, alinisafisha, akanishona nyuzi sita juu ya kiwiko na mbili mdomoni, kisha akavuta fomu na kalamu. Aliuliza bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Bafuni?"

Mama alinitazama. Ulimi wangu ulikuwa ukitafuta jino na kukuta shimo.

"Hapana, dada. Mkono na shingo ni baba yangu, kwa rula. Jino..." Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje niliweza kuona goti la Fundi na mkono wake umelala juu ya goti, kiganja juu.

Ningeweza kusema jino pia ni la baba. Nani angebisha?

Fundi akaja akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. "Jino ni mimi," akamwambia muuguzi. "Sikukusudia, lakini ni mimi. Andika."

Muuguzi akamtazama juu mpaka chini, akaandika. Akapiga muhuri, akampa mama nakala ya kupeleka polisi, akamwambia Fundi akae naye ashonwe nyusi. Alimshona kwa sindano ya aina ileile, ila kwa mkono mzito zaidi. Nilimwona, na mama alimwona.

Baadaye tukabaki kwenye korido, mimi na yeye, benchi moja, nafasi ya mtu mmoja katikati. Mama alikuwa akiongea na muuguzi. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema na mdomo usiofunguka vizuri.

"Ungeniuliza kwanza kule maktaba," nikasema.

"Ningekuuliza. Ndiyo."

"Na kule ndani ulikuwa wapi? Nilikuita mara mbili."

"Nilikuwa nyumbani kwetu," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nimepata nguvu. Sikumwona baba yako hata kidogo."

Nilimwamini, na kumwamini hakukunipunguzia hofu. Nilimwambia kwamba nampenda, kwamba sijabadilika hapo, na kwamba siwezi kutoka kwenye nyumba moja ya kujifunika kichwa nikaingia nyingine. Tungekwenda kwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekuwa na cherehani mbili na chumba kimoja cha ziada. Mjomba asije baada ya wiki mbili kama tulivyopanga. Asije mpaka nitakaposema mimi, na huenda nisiseme.

"Nikungoje?"

"Sijui. Usiniulize leo."

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini aliyazuia yasimwagike, na nikashukuru, kwa maana siku ile nilikuwa nimeshiba machozi ya wanaume. Mkono wake ulikuwa kwenye benchi, karibu katikati yetu. Hakuomba kunishika. Nami sikuupeleka wangu, ingawa hakuna kitu nilichokitaka zaidi duniani.

Mama alitoka na fomu ameikunja ndani ya mtandio. Akasimama mbele ya Fundi, akamtazama ile nyusi iliyoshonwa, kisha ile mikono.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Anakaa wapi?"

Akasita. "Kwa nini, mama?"

"Jumatano nitakwenda kumwona. Peke yangu, wewe usiwepo. Nina mambo mawili matatu ya kumuuliza, mwanamke kwa mwanamke. Yeye amekaa na wewe miaka ishirini na tisa. Kama umewahi kumwinulia mkono, yeye au dada zako au mtu yeyote wa nyumba ile, ataniambia. Na kama hatasema, nitamwona. Mimi hayo nayajua yanavyokaa kwa mtu."

Fundi alikuwa amepauka. Nilimtazama usoni, nikiogopa kuliko nilivyoogopa siku nzima. Angeweza kusema mama yake anaumwa. Angeweza kusema amesafiri, au anakaa mbali, au hapendi wageni.

Akaanza kumwelekeza. Akifika kwenye pampu ya maji apinde kushoto, apite mashine ya kusaga, aingie kichochoro chenye ngazi, aulize nyumba yenye mlango wa bluu, wa tatu kutoka ngazi. Asubuhi ni bora, mchana mama yake hulala. Mama akayarudia yote polepole asije akayasahau, kona kwa kona, akihesabu kwa vidole, pampu, mashine, ngazi, mlango wa pili.

"Wa tatu, mama," Fundi akamsahihisha. "Wa pili ni wa jirani. Wetu ni wa tatu."